Siku moja ya mama lishe mwenye kisukari, Buguruni

Saa 10:15 alfajiri. Kabla sijawasha jiko, natoboa kidole. Kipimo cha sukari kimesoma 7.9, yaani milimoli kwa lita ya damu. Kliniki wanataka niamke nikiwa kati ya 4 na 7, kwa hiyo nimezidi, na sababu naijua. Jana usiku kulikuwa na shughuli kwa jirani, pilau likaja kwenye sinia, na kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani. Naandika daftarini: "7.9, sinia."

Nina kisukari tangu 2019, na kazi yangu ni kupikia watu wali, ugali na chapati. Wengi huniuliza nawezaje kukaa siku nzima na vyakula hivyo. Navila vyote. Ila napima kiasi cha chakula, na mwanzoni kupima huko kuliniuma kuliko hata ile sindano ya kidole.

Saa 12:30. Maandazi yanatoka kwenye mafuta, makondakta wameshaanza kugonga meza. Mimi nakunywa chai ya tangawizi isiyo na sukari, yai la kuchemsha, kipande cha muhogo kisichozidi nusu ya kiganja changu, na maharage yaliyolala. Kisha dawa zangu za kushusha sukari, metfomini na gliklazidi. Zamani asubuhi yangu ilikuwa bakuli la uji wa ulezi, kwa sababu kila mtu aliniambia uji huo ni dawa ya sukari. Siku moja nikapima saa mbili baada ya kuunywa: 13.4! Nafaka iliyosagwa laini ikachemshwa huwa haikai tumboni, inageuka sukari upesi. Simkatazi mtu ulezi. Naomba tu apime mwenyewe, asiridhike na sifa.

Saa 3 nachambua matembele na mchicha, msichana wangu anapepeta mchele. Hapa ndipo pana mtego wa kazi yangu: kuonja. Kijiko cha mchuzi, kipande cha chapati iliyochanika, ukoko wa wali chini ya sufuria. Nilikuwa nasema sijala kitu tangu asubuhi, kumbe nimekula sahani nzima kwa vipande. Siku hizi naonja chumvi kwa ncha ya kijiko, na ukoko wanagawana vijana wanaobeba mizigo.

Saa 4 huwa nakula karanga za kuchemsha, kiganja kimoja. Leo mafundi wa ujenzi wameagiza sahani 20 kwa mpigo. Nikasema nitakula baadaye.

Saa 7:20. Foleni imefika barabarani. Napakua wali, mara upawa unagonga ukingo wa sahani, unagonga tena. Jasho la baridi shingoni. Sauti za watu zinasikika kama zinatoka mbali.

"Mama, mbona unatetemeka? Kaa chini."

Nikapima: 3.3. Dawa ya asubuhi ilikuwa inaendelea kushusha, na tumboni hamkuwa na kitu cha kushindana nayo. Msichana wangu akachota vijiko 3 vya sukari, akakoroga kwenye nusu glasi ya maji. Fundi mmoja akamshika mkono: "Mama ana kisukari halafu unampa sukari? Utamuua!" Alisema kwa huruma, lakini angefaulu kumzuia ningeanguka palepale. Namshukuru Mungu binti alikuwa ameelekezwa. "Imeshuka, kaka, lazima apewe," akasema, akaninywesha. Tukasubiri dakika 15, nikapima tena: 4.6. Hapo ndipo nikala. Kama una kisukari, waeleze jambo hili wanaofanya kazi karibu nawe, usiwaeleze wa nyumbani peke yao.

Chakula changu cha mchana nakipakua kwenye sahani ndogo. Nusu yake matembele na nyanya chungu, robo kibua na maharage, robo ugali wa dona usiozidi ngumi yangu. Dona lina nyuzinyuzi kuliko sembe kwa kuwa halijakobolewa, na hilo linasaidia, lakini mlima wa dona bado ni mlima wa wanga.

Saa 9 anakuja mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama. Nipakulie kama ya kwako."

Naye ana sukari. Aliacha kukaa nyumbani na njaa alipoona mimi nakula nashiba. Zamani alikuwa anashushia soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai. Sasa namchambulia chungwa, analila na nyama zake nyeupe, polepole.

Saa 11 nafunga kibanda, natembea kwa mguu hadi Vingunguti, kwa kuwa misuli inayotembea inatumia sukari. Usiku nakula mchicha, dagaa na ndizi moja ya kuchemsha. Saa mbili baadaye kipimo kinasoma 8.1.

Kabla ya kulala nakagua nyayo kwa tochi ya simu, kidole kwa kidole, kwa sababu kidonda kidogo kwetu hakichukui muda kuwa kikubwa. Naloweka maharage ya kesho. Karanga za saa 4 nimeshazifunga pindoni mwa kanga nitakayovaa, na binti nimemwambia akiona foleni imekuwa ndefu, anifungulie pindo yeye mwenyewe.