Mstari wa Mwisho wa Jedwali

Kabla ya kufika chuo kikuu nilikuwa nimezoea kutatua maswali ya programu mstari, yaani kutafuta thamani kubwa au ndogo kabisa ya lengo bila kuvuka vikwazo ulivyowekewa, kwa mchoro: unachora mstari wa kila kikwazo, unatia kivuli upande usioruhusiwa, kisha unazijaribu kona za eneo lililobaki hadi uipate ile yenye thamani kubwa kuliko zote. Njia hiyo inatosha vigeu vinapokuwa viwili. Vikiwa 20, na vikwazo vikiwa 10, mchoro haupo tena, na ukisema uzijaribu kona kwa hesabu tupu utakuta kwamba namna za kuchagua vigeu 10 kati ya 30 (vile 20 pamoja na vigeu 10 vya salio, yaani kile ambacho kila kikwazo kimekibakiza) zinazidi milioni 30.

Ndiyo maana mwaka wa pili tulifundishwa mbinu ya simpleksi, ambayo George Dantzig aliibuni mwaka 1947 alipokuwa akifanya kazi ya Jeshi la Anga la Marekani. Tulifundishwa jinsi mtu anavyofundishwa kuendesha mashine. Panga namba za milinganyo kwenye jedwali, kisha tafuta kwenye mstari wa lengo, ule wa thamani unayotaka kuikuza, namba hasi iliyo mbali zaidi na sifuri. Hapo umepata safu wima. Gawanya namba za upande wa kulia kwa namba chanya za safu wima hiyo, uchague jibu dogo. Hapo umepata safu mlalo. Zinapokutana ndipo penye egemeo. Safisha safu wima, yaani namba zake nyingine zote ziwe sifuri, urudie, na namba hasi zikiisha, simama. Darasa zima lilikuwa likipata majibu sahihi kwa utaratibu huo, na sikumbuki kama kuna aliyewahi kuuliza kwa nini tunagawanya, au ni nani aliyetuhakikishia kwamba mahali pa kusimama ni pale na si kwingine.

Jioni moja kwenye semina, mwalimu msaidizi aliyekuwa akisimamia mazoezi yetu alifuta jedwali tulilokuwa tumelichora ubaoni kwa ustadi mkubwa, akasema kwamba siku hiyo tungefanya kazi kwa milinganyo peke yake. Akaandika swali dogo mno, kiasi kwamba baadhi yetu tulitazamana: tafuta thamani kubwa kabisa ya z = 4x + 3y, ilhali 2x + y isizidi 10, x + y isizidi 7, na x na y zisiwe hasi.

Alianza kwa kukipa kila kikwazo salio lake. Kile ambacho 2x + y imekibakiza kabla ya kufikia 10 alikiita s, na kile ambacho x + y imekibakiza kabla ya kufikia 7 alikiita t. Kwa hiyo s = 10 − 2x − y, na t = 7 − x − y. Tukiwa tumesimama kwenye kona ya sifuri, x na y zote ni sifuri, s ni 10, t ni 7, na z haina kitu.

“Haya, niambieni,” alisema, “tukitaka z ikue, tuanze kuongeza kipi?”

Tulijibu x, kwa kuwa kila kipimo kimoja cha x huleta 4 na cha y huleta 3. Akauliza tunaweza kuiongeza hadi wapi. Hapo ndipo ule mgawanyo tulioukariri ulipopata maana yake: x ikifika 5, s inakwisha, t ingevumilia hadi 7, basi anayekwisha kwanza ndiye anayetuzuia. Ukichagua jibu kubwa badala ya dogo, s inakuwa hasi, na maana yake umetoka nje ya eneo linaloruhusiwa. Tukabadilishana nafasi, x ikaingia na s ikatoka: x = 5 − y/2 − s/2. Tulipoiweka x hiyo kila mahali ilipokuwa, lengo likasomeka z = 20 + y − 2s, na t ikawa 2 − y/2 + s/2.

Sasa y ilikuwa na alama ya kujumlisha (kwenye jedwali ingeonekana kama namba hasi), kwa hiyo palikuwa bado na faida ya kuchukua. Ikiongezeka hadi 4, t inakwisha. Tukabadilisha tena, na baada ya sehemu zote kujifuta zenyewe ubao ulibaki na mistari mitatu: x = 3 − s + t, y = 4 + s − 2t, na z = 24 − s − 2t.

“Simameni hapo. Someni huo mstari wa mwisho, taratibu.”

Tuliusoma. Salio haliwezi kuwa hasi. S na t ni sifuri au zaidi. Basi popote utakapokwenda ndani ya eneo lile, z ni 24 ikiwa imepunguzwa kitu au haikupunguzwa. Haiwezi kuzidi. Mpaka dakika ile nilikuwa nikiamini 24 kwa sababu utaratibu ulisema nisimame, na sasa mlinganyo wenyewe ulikuwa ukinizuia kutafuta zaidi.

Hapo ndipo alipotueleza kuhusu mwanauchumi George Stigler, ambaye mwaka 1945 alichapisha hesabu ya lishe ya bei nafuu zaidi, akichagua kati ya vyakula 77 ili kutimiza mahitaji 9 ya virutubishi. Alipata dola 39.93 kwa mwaka, kwa bei za 1939, kwa akili na majaribio, lakini hakuwa na njia ya kuthibitisha kwamba hakuna lishe nyingine nafuu zaidi. Mwaka 1947 makarani 9 walifanya hesabu ile kwa mbinu ya Dantzig, wakitumia mashine za mezani, kazi iliyokula takriban siku-kazi 120, na jibu likawa dola 39.69. Mimi hustaajabia zaidi jinsi Stigler alivyokaribia kuliko jinsi alivyokosa.

Kisha akarudi kwenye mstari wetu na kutuonyesha kwamba 1 na 2 zilizo mbele ya s na t zina kazi nyingine. Chukua kikwazo cha kwanza mara 1, cha pili mara 2, uvijumlishe: upande wa kushoto unapata 4x + 3y kamili, na upande wa kulia 10 + 14, yaani 24. Mtu ambaye hajawahi kuona jedwali la simpleksi anaweza kulikagua jibu kwa kujumlisha huko tu. Ndizo bei kivuli, yaani kile ambacho z inakipata kikwazo kikilegezwa kwa kipimo kimoja: ukilegeza kikwazo cha kwanza kiwe 11, z inakuwa 25, ukilegeza cha pili kiwe 8, inakuwa 26.

“Mwalimu,” mwenzangu mmoja akauliza, “kwa hiyo cha kwanza tukikifanya 100 tunapata 114?”

Alimpa chaki. Mwenzangu akaandika kwamba kila kipimo kinachoongezwa kinaipa x kimoja na kuinyang’anya y kimoja, na kwa kuwa y ilikuwa na 4 tu, kikwazo kikifika 14 y inakwisha, x inakuwa 7, z inakuwa 28. Kuanzia hapo kikwazo cha pili pekee ndicho kinachobana, na bei kivuli ya kile cha kwanza ni sifuri.