Siku yangu maabara, na mzee wa Muscat

Saa 1:30 asubuhi nakabidhiwa zamu. Mwenzangu wa usiku keshavaa begi mgongoni. "Mashine nzima, ila vitamini D imegoma." Kontroli ya chini, ile sampuli ambayo jibu lake tunalijua, imetoka nje ya kiwango. Nafungua kitendanishi kipya (kemikali ya kipimo), nafanya kalibresheni upya ili mashine isome sawasawa, nasubiri. Chai inapoa. Saa 2:45 imekubali.

Saa 3 fomu za wodini zinaingia. Tano zinataka vitamini D, na tatu kati yake zimewekwa tiki tu bila sababu. Mmoja ana nimonia kali. Mwili ukiwaka vile namba ya vitamini D hushuka yenyewe, kwa hiyo jibu la leo litatuchanganya tu. Na kipimo hiki si cha bei ya maandazi. Napiga simu wodini, tunaelewana, mbili zinafutwa.

Ya nne ni ya mama anayetumia fenitoini ya kifafa miaka na miaka. Mapaja yanamuuma, hainuki kitini mpaka ashike meza. Kalsiamu iko chini, fosfeti chini, alkalini fosfatezi, kimeng'enya cha ini na mifupa, juu. Huyu ndiye wa kupimwa! Naenda kumtoa damu mwenyewe.

"Mwanangu, na jua la Dar lote hili?"

"Dawa yako inalifanya ini liivunje vitamini haraka, mama. Halafu jua lenyewe unalipata saa ngapi?" Anatazama baibui lake, anacheka.

Saa 6:10 jibu lake: nanogramu 6 kwa mililita. Chini ya 12 ni upungufu mkubwa. Naandika, nampigia daktari, nakula wali wangu umeshapoa.

Saa 8 anafika mzee kufuata majibu ya vitamini D ya damu aliyotoa jana. Shikamoo, marahaba, kisha anatandaza karatasi mbili dirishani. Ya Muscat, mwezi jana: 45. Yetu: 18.

"Imeporomoka hivi kwa mwezi mmoja?"

Namwonyesha maandishi madogo pembeni mwa namba. Kule wamepima kwa nanomoli kwa lita, sisi nanogramu kwa mililita. Namba yetu ukiizidisha kwa 2.5 unapata ya kwao. Natoa simu, napiga hesabu mbele yake: 18 mara 2.5.

Anaitazama ile 45 kwenye kioo, anaitazama karatasi ya Muscat.

"Kumbe ni ile ile!"

"Ile ile, mzee wangu."

"Basi nirudishieni hela yangu."