Podikasti yako inapoingia kwenye video: ya kuzingatia ukiwa Kigoma

Google ilipofunga Google Podcasts mwaka 2024 na kuwaelekeza wasikilizaji wake YouTube Music, mjadala wa kufanya video au kutofanya ulikwisha kwa wengi wetu. Spotify nayo inapokea video. Mtu wa Ujiji au Mwanga akisikia kipindi chako kinasifiwa, atakitafuta YouTube kwanza. Kwa hiyo video utaifanya. Ninachowasihi wenye vipindi hapa Kigoma ni hiki: msiigeuze podikasti kuwa televisheni. Rekodi mazungumzo yaleyale, mara moja, kwa sauti safi, kisha toa matoleo mawili. Mtu huvumilia picha yenye ukungu, lakini sauti yenye mwangwi humchosha haraka, awe anatazama au anasikiliza tu.

Tatizo huanza pale kamera inapowashwa na maiki ikasogezwa mbali ili isionekane. Kila ukiongeza umbali mara mbili, sauti ya msemaji hushuka kwa takriban desibeli 6, na mwangwi wa chumba unabaki ulivyo. Acha maiki ionekane. Iwe shubiri moja kutoka mdomoni, chini kidogo ya kidevu, isiuzibe uso. Ukitumia maiki ndogo ya kubana nguoni, angalia mavazi ya mgeni: ikibanwa chini ya mtandio, kila akigeuka kitambaa kinasugua, na mkwaruzo huo hautoki hata uhariri vipi. Ibane juu ya mtandio, upande anaougeukia akizungumza, na ukunje waya uwe na kitanzi kidogo kinachozuia mvuto. Rekodi kwa kilohezi 48, kilele cha sauti kicheze kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo cha kurekodi. Vyumba vyetu vingi vina sakafu ya saruji na kuta tupu, hivyo tandika mkeka au zulia na utundike vitenge vizito nyuma ya kamera, yaani upande ambao midomo inaelekea. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ikipiga bati hakuna programu itakayokuokoa. Panga kurekodi asubuhi, na uwe na siku ya akiba.

Sasa picha. Simu moja inatosha kuanzia, ila tumia kamera ya nyuma, iwe kwenye stendi, usawa wa macho ya waliokaa. Chagua 1080p (ubora wa HD kamili). Iweke simu kwenye hali ya ndege, kwa kuwa simu ikiita katikati ya mahojiano, kwenye simu nyingi kurekodi hukatika. Toa kava, na usichaji kwa chaja ya kasi wakati unarekodi. Joto likizidi simu hupunguza mwanga wa skrini, kisha huzima kamera yenyewe. Bonyeza na ushikilie juu ya uso wa mgeni hadi fokasi na mwanga vifungwe. Usipofanya hivyo, kila mtu akiinua mkono picha inang'aa na kufifia.

Kuna kasoro moja inayowatesa wengi bila kujua chanzo chake: mistari myeusi inayotambaa kwenye picha ukirekodi usiku. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Simu nyingi hurekodi fremu (picha) 30 kwa sekunde na huchagua zenyewe kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, na kasi hiyo isipolingana na mapigo ya taa ndipo mistari inapozaliwa. Dawa ni kutumia programu ya kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe: fremu 25, shata 1/50 au 1/100 ya sekunde. Kama simu yako hairuhusu, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuzuia mpepeso, uchague hezi 50. Taa za LED za betri, kama zile za wavuvi wa dagaa, mara nyingi hazina shida hii, na zinakufaa umeme ukikatika. Jaribu kwa kurekodi nusu dakika kabla mgeni hajaketi.

Mchana, dirisha ni taa bora kuliko taa ya ringi ya bei rahisi. Ziwa liko magharibi yetu, kwa hiyo dirisha linalotazama ziwani huwa na mwanga laini na tulivu asubuhi, na alasiri jua huingia moja kwa moja na kumkunjisha mgeni uso. Mkalishe dirisha likiwa ubavuni mwake, mbele kidogo, kamwe lisiwe nyuma yake.

Ukirekodi sauti kwenye kifaa chake na picha kwenye simu, piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni na jingine mwishoni. La mwanzo linakusaidia kuzilinganisha, la mwisho linakuonyesha kama zimeachana. Zikiachana taratibu kadiri muda unavyokwenda, mara nyingi chanzo ni simu kurekodi fremu zisizo na kasi moja. Pitisha video kwenye HandBrake, programu ya bure, uchague kasi isiyobadilika, ndipo uhariri. Ukikuta zimeachana sana, hakikisha pia faili moja si la kilohezi 44.1 na jingine 48.

Suala la bando linastahili hesabu. Saa moja ya sauti kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni kama megabaiti 58. Saa hiyohiyo ya video ya 1080p kwa megabiti 8 kwa sekunde, kiwango ambacho YouTube wanapendekeza, ni gigabaiti 3.6. Ukishusha hadi 720p kwa megabiti 5 unapata gigabaiti 2.25, na kwa watu wawili waliokaa mezani tofauti haionekani sana kwenye skrini ya simu. Mimi ningepandisha 720p bila aibu. Kwenye simu yenyewe faili la awali linaweza kufika gigabaiti 8 kwa saa, kwa hiyo tengeneza nafasi kabla. Hesabu hiyohiyo ndiyo sababu ya kutofunga toleo la sauti: msikilizaji wa Kasulu au Uvinza mwenye bando dogo hawezi kufuata video yako ya saa nzima kila wiki. YouTube haitoi mlisho wa RSS wa sauti (kiungo kinachopeleka vipindi vipya kwenye programu za podikasti) kwa programu nyingine, kwa hiyo ukiacha mlisho wako wa zamani, hao umewaacha njiani.

Ukiunganisha mlisho huo na YouTube, wao hutengeneza video zenye picha moja iliyoganda. Ukipandisha na video kamili, kipindi kimoja kitatokea mara mbili. Chagua moja: pandisha video kwa mkono, uiweke kwenye orodha uliyoitambulisha kama podikasti. Thibitisha akaunti kwa namba ya simu mapema, kwani bila hivyo hupiti dakika 15 wala huweki picha yako ya jalada.

Muziki wa ufunguzi uangalie pia. Wimbo wa Bongo Fleva uliopita kimya kwenye sauti kwa miaka, YouTube huutambua wenyewe, na mapato yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo au video ikazuiwa. Fupisha ufunguzi wenyewe vilevile, mgeni aanze kuzungumza mapema.

Vipande vifupi ndivyo vinavyoleta watu wapya. Shorts, yaani video fupi za YouTube, zinaruhusu hadi dakika 3, picha ya wima ya 1080 kwa 1920. Waketishe wageni karibu karibu, wamegeukiana kidogo, ili ukikata wima uso usibaki nusu. Kata kipande kianzie kwenye jibu, weka maandishi, na acha sehemu ya chini wazi kwa sababu vitufe huifunika.

Anayesikiliza tu naye mkumbuke mezani. Mgeni wa Kibirizi akiinua dagaa na kusema "wa aina hii", mwendeshaji aseme papo hapo: wa urefu wa kidole, wamekaushwa kwenye vichanja, hawana mchanga. (Na ukiwataka wavuvi wenyewe, wapangie siku za mbalamwezi, maana taa haivuti dagaa vizuri na wengi huwa nchi kavu.)

Ruhusa ya sauti haimaanishi ruhusa ya sura. Mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu anaweza kukubali kusikika bila kutaka ndugu au adui aone uso wake. Uliza mambo hayo mawili kila moja peke yake, kabla ya kamera kuwashwa, umweleze kwamba video itakatwa vipande na kusambaa WhatsApp. Akikataa sura, elekeza kamera kwenye mikono yake au kwa mwendeshaji, na uangalie kioo na dirisha nyuma visimwonyeshe. Sauti yake irekodiwe kama kawaida.