MGB yangu ya 1966: niliacha injini ilale, nikaanza na vizingiti

Ukinunua MGB, gari dogo la kispoti la Kiingereza, iliyokaa miaka mingi bila kutembea, usianze na injini. Mimi nusura nianze nayo. Nilishakuwa nimefungua boneti, nimepanga spana, hata plagi nne za gari zilikuwa mezani. Aliyenizuia ni mjomba wangu, fundi wa Land Rover kule Tanga, na alinizuia kwa simu bila kuliona gari.

Gari nililipata hapahapa ninapoishi, Cowley, Oxford. Lilikuwa chini ya turubai kwenye banda, rangi ya kijani iliyobabuka, viti vimeliwa na panya, matairi yameshuka hadi rimu. Nikalilipia pauni 1,800. Nikampigia mjomba jioni ileile kwa furaha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Haya niambie, milango inafunga?"

"Inafunga, ila mpaka uinyanyue kidogo."

Akanyamaza. "Basi gari hilo limelegea mgongo. Injini iache ilale. Angalia chini kwanza."

Ili uelewe kwa nini mlango ulimwambia yote hayo, lazima ujue gari lenyewe limejengwaje. MG ni kifupi cha Morris Garages, biashara ya William Morris hapa Oxford. Meneja wake, Cecil Kimber, ndiye aliyeanza miaka ya 1920 kuyavalisha magari ya kawaida ya Morris bodi nyepesi za kispoti. Mwaka 1929 kazi ikahamia Abingdon, mji mdogo kusini mwa Oxford, ikabaki huko miaka hamsini na kitu. Abingdon hawakufinyanga bodi wala kuunda injini. Vyote vililetwa kutoka viwanda vingine, wao wakaviunganisha. MGB iliingia sokoni mwaka 1962, mhandisi mkuu akiwa Syd Enever, na iliendelea kutengenezwa hadi kiwanda kilipofungwa Oktoba 1980. Zilitoka zaidi ya nusu milioni, nyingi zikavuka bahari kwenda Marekani.

Iliyoitangulia, MGA, ilikuwa na chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, peke yake na bodi juu yake, kama Land Rover za mjomba. MGB haina. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Na hii yangu ni ya wazi, haina paa la bati la kusaidia kubeba, kwa hiyo uzito wote unashikwa na sakafu, mfereji wa katikati unapopita propela (ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma), na vizingiti viwili, yaani yale mabati marefu yanayopita chini ya milango. Kizingiti kimoja ni tabaka kadhaa za bati zilizochomelewa pamoja, ndani kuna uwazi. Maji yakiingia pamoja na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, yanakaa humo humo. Kutu inaanzia ndani, na ukiiona nje imeshamaliza kazi.

Nikachukua sumaku nikaipitisha kwenye kizingiti cha kulia. Haikushika. Nikagonga kwa bisibisi, likadondoka pande la fila, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, nene kama kidole gumba, na nyuma yake wavu wa waya na karatasi za gazeti zilizosokotwa. Kuna fundi huko nyuma alilipwa kwa kazi ile. Iliniuma sana, maana mtu na mkewe walikuwa wanapanda gari lile kwa imani.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa, na naomba ulisome polepole. Nilichomelea bomba moja tu la chuma kwenye uwazi wa mlango, kutoka kwenye nguzo ya bawaba hadi kwenye nguzo ya kitasa, nikaweka stendi nne mbele na nyuma, nikavua mlango, nikakata kizingiti chote. Kabla ya kukata, mwanya wa juu kati ya ukingo wa nyuma wa mlango na bodi ulikuwa milimita 4. Nilipourudisha mlango kupima, ukawa milimita 1. Gari lilikuwa limebonyea katikati. Kama ningechomelea kizingiti kipya katika hali ile, lingebaki limebonyea maisha yake yote.

Sikulala vizuri wiki ile. Jumamosi nikaanza upya. Nikahamisha stendi zikae chini ya sehemu zinazobeba springi, maana pale ndipo bodi imezoea kubeba. Nikaongeza mabomba mengine mawili yakapishana kama herufi X, na jingine likavuka kutoka upande wa kulia hadi wa kushoto. Kisha nikaweka ubao mzito chini ya sakafu katikati, jeki chini ya ubao, nikapandisha robo mzunguko, nikapima, nikasubiri, nikapandisha tena. Mlango nikauacha umefungwa mahali pake muda wote. Ilinichukua saa tatu kurudisha milimita 3. Tangu hapo sikukata wala kuchomelea chochote bila mlango kuwepo, na upande wa kushoto sikuugusa mpaka wa kulia ulipokamilika.

Vipande vipya vinapatikana, hiyo ni bahati kubwa ya MGB. British Motor Heritage, ambao wapo Witney, si mbali na hapa, wanatengeneza hata bodi nzima kwa mashine za asili za kiwandani. Mimi sikuwa na fedha ya bodi nzima, nikanunua vizingiti, sakafu na vipande vya chini vya madigadi. Kabla ya kufunga kila tabaka nilipaka rangi ya zinki, na gari lilipokwisha nikapulizia nta ndani ya uwazi wote. Kazi ya bati peke yake ilinila miezi kumi na minne ya jioni na wikiendi.

Nilipokuwa nasugua chini ya dashibodi nikakuta rangi nyekundu. Nikaagiza cheti kutoka jumba la makumbusho la magari la Gaydon, wanaotunza kumbukumbu za viwanda, kikaja kimeandikwa Tartan Red. Nikairudisha rangi hiyo.

Injini haikuwa na shida kubwa. Ni ile ya silinda nne, sentimita za ujazo 1798, yenye bering tano za krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), chuma kinachovumilia mengi. Nilibadilisha ringi, gasketi na klachi. Umeme ndio unaotaka akili ya ziada: magari ya miaka hiyo, chanya ya betri ndiyo imefungwa kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea, na betri zenyewe ni mbili za volti 6 nyuma ya viti. Nimebandika kibao chekundu pale ili fundi mwingine asije akaunguza kitu.

Kabureta mbili za aina ya SU, zinazochanganya hewa na petroli, nilizipenda kuliko kitu chochote kwenye gari hili. Ndani ya kila moja kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa, imebeba sindano nyembamba inayopima petroli. Kuzilinganisha unahitaji kipande cha mpira tu: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Ya mbele ilikuwa inavuma kwa nguvu, ya nyuma inanong'ona. Unalegeza skrubu kidogo huku, unakaza kule, unasikiliza tena, mpaka sauti zote mbili zinakuwa moja. Mjomba nilimshikia simu pale asikie injini ikisaga taratibu. Akasema, "Sasa hapo inapumua."

Kisheria, gari lililopita miaka 40 na halijabadilishwa sana halidaiwi ukaguzi wa kila mwaka hapa Uingereza. Nililipeleka hata hivyo. Nilitaka mtu mwingine alale chini yake na taa atazame chomeleo zangu. Alikaa huko muda mrefu, akatoka, akasaini.

Siku iliyofuata nikaenda nalo Abingdon, paa limekunjwa, kwa njia za ndani. Nikaegesha, nikashuka, nikausukuma mlango kwa vidole viwili bila kuunyanyua. Ukafunga.