Kibati hakirudiwi

Jana adhuhuri nimeteremka boti kutoka Mkoani, Pemba, na begi langu bado linanuka moshi wa makumbi. Siku nne nilikuwa kijiji kimoja nje ya Wete na kikundi cha maigizo, tukipiga filamu fupi: mume kauza karafuu za mkewe bila kumwambia, na ugomvi wao wote unapita ndani ya kibati. Kwenye karatasi lilikuwa wazo zuri sana.

Kwa asiyekijua, kibati ni ngoma ya Pemba ya majibizano. Mdundo ni wa mbio, waimbaji na wachezaji wanaitikia, na wanaojibizana hutunga maneno palepale.

Hapo ndipo tulipokwama. Mara ya kwanza mzee aliyecheza mume alitoa neno lililowaangusha kina mama kwa kicheko, na "mkewe" akamrudishia kali zaidi. Kutazama kioo cha kamera, kichwa cha mzee hakimo. Mshika kamera naye alikuwa anacheka. Nikaomba turudie. Mzee akaja na maneno mengine kabisa. Mara ya tatu, mengine tena.

"Mzee wangu, sema yale ya mwanzo."

"Yale nishamjibu, mwanangu. Sasa nimjibu nini?"

Sikuwa na la kusema. Filamu tuliyofundishwa sisi hushonwa kwa vipande: unapiga mbele, unapiga ubavuni, maneno yawe yaleyale ili vipande vishikane. Kibati hakina yaleyale.

Usiku nilimfikiria Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Upande mmoja wa santuri za zama zile ulichukua kama dakika tatu tu, na taarabu ya barazani haina haraka hiyo. Tunashukuru sauti imebaki, lakini kilichobaki ni kile kilichoenea ndani ya dakika tatu hizo. Mimi nimekulia Unguja, nikikaa juu ya mawe ya Ngome Kongwe kutazama filamu za tamasha la nchi za jahazi, nikiamini kwamba jambo likishaingia kwenye skrini limeokoka. Siku hizi siamini sana.

Siku ya tatu tuliiweka karatasi pembeni. Kamera mbili, moja ni simu yangu iliyopasuka kioo, tukawaacha wacheze uwanjani mwa skuli bila kuwasimamisha. Dakika 40. Mbuzi kapita katikati, adhana ya alasiri ikanyamazisha ngoma, wakarudi baada ya sala na hasira mpya (ugomvi ulinoga zaidi, sijui waliambiana nini njiani). Picha inatikisika, na mhariri yeyote ataniuliza nilikuwa nafanya nini. Ndiyo kazi yangu ninayoipenda kuliko zote.

Usiku wa mwisho tukatundika shuka jeupe tukawaonesha. Walikaa kimya, watoto mbele, mpaka mke wa kwenye shuka akamwambia mumewe lile neno la karafuu mbichi. Yule mama mwenyewe, aliyekaa mkekani, akaropoka: "Hapo nilikosa, ningemwambia hivi!" Akasema. Mzee akamjibu kutoka upande wa wanaume. Mtu akaenda kuchukua ngoma.

Dakika kumi za mwisho za filamu hakuna aliyezitazama.