Vile nilishika aina za hadubini bila kukremu

Swali la kupanga aina za hadubini (maikroskopu) nililifeli mara mbili semesta iliyopita, na iliniuma sana juu hii kazi ya maabara naipenda. Nilikuwa nakremu majina tu, konfokali (ya mwanga wa leza), TEM na SEM (za elektroni), AFM (ya ncha), nikiketi kwa mtihani yote yanachanganyikana.

Kilichonisaidia ni atachmenti hapa Kisumu. Malaria huku ni ya kila siku, so asubuhi hadi jioni ni slaidi za damu zilizopakwa rangi ya Giemsa, unaweka tone la mafuta, lenzi ya 100 chini na ya 10 machoni, umekuza mara 1000. Siku moja nikauliza madam wetu mbona tusitafute lenzi kubwa zaidi ya hiyo. Akasema, "Kijana wangu, shida si lenzi, shida ni mwanga wenyewe." Kumbe vitu viwili vikikaribiana chini ya nanomita 200 hivi (nanomita ni milimita ukigawa mara milioni), mwanga unavionyesha kama kimoja, hata ukuze aje.

Kutoka hapo nikawa najiuliza swali moja tu: sampuli inaguswa na nini? Mwanga, elektroni ama ncha ya sindano. Elektroni ni ile njia wanasayansi Ruska na Knoll walianza Ujerumani 1931, kwa TEM zinapenya sampuli nyembamba sana, kwa SEM zinafagia uso wake. AFM nayo inapapasa kwa ncha, kama kidole gizani.

Familia ya mwanga ndio kubwa, kwa hivyo hapo naongeza swali la pili: kitu kinaonekana kwa sababu gani? Chukua kidudu cha TB, ukipaka rangi za Ziehl-Neelsen ni chekundu kwa bluu, ukipaka auramini kinang'aa kijani-manjano kwa giza, hiyo sasa ni floresensi, yaani rangi inang'aa yenyewe ikipigwa mwanga. Seli hai bila rangi yoyote, hapo ni fezi kontrasti, mbinu ya kufanya seli angavu zionekane, ile ilimpa mwanasayansi Zernike Nobel 1953. Mimi sikubaliani kabisa na kupanga hadubini kwa ukuzaji, yaani inakuza mara ngapi, inapotosha watu.

Mtihani wa kurudia ukaleta STED, jina sijawahi kusikia, lakini walieleza kuna leza moja inawasha rangi na ingine inazima pembeni ndio doa libaki dogo, inaona hadi chini ya zile nanomita 200. Leza ni mwanga, rangi inang'aa. Nikaandika familia ya mwanga, floresensi, na nikapata.