Kijivu wa Tarangire

Tulitoka Arusha saa kumi na moja alfajiri, Julai, watu watano garini, wanne wakitaka simba. Mimi nilikuwa na darubini ya kuazima na kitabu cha ndege kilichochomoka jalada. Kwa Kuchinja tukanywa chai kwa chapati, na saa mbili kasoro tukawa getini.

Kiangazi, Tarangire ni tembo. Maji yamebaki mtoni tu, basi kila mwenye kiu anateremkia huko. Wenzangu walipiga picha mpaka simu zikaishiwa chaji. Mimi macho yalikuwa kwenye migunga.

"Kaka, simama kidogo, hapo kichakani."

"Simba?"

"Ndege."

Nyuma mtu akaguna. Dereva akazima injini.

Alikuwa ametua wima kwenye tawi kavu, si juu sana, kijivu mtupu. Nikatangaza kwa ujuzi wangu wote kwamba huyo ni mnasa nzi wa Ulaya, maana nimeona michirizi.

"Dada, huu mwezi wa ngapi?" akauliza dereva.

"Wa saba."

"Basi huyo saa hizi yuko kwao. Huku anafika kama Oktoba, Aprili keshaondoka. Hebu mtazame kifua."

Kifua hakikuwa na alama yoyote, rangi ya majivu yaliyopoa. Michirizi ilikuwepo, ila utosini tu, myembamba kama ya penseli. Yule wa Ulaya anayo utosini na kifuani pia. Kuna na mwingine wa kahawia iliyofifia, huyo utosi wake hauna hata mmoja. Huyu wangu alikuwa mnasa nzi kijivu, wa hapahapa nyikani. Jina lake la kisayansi linaishia na microrhynchus, "mdomo mdogo", na kweli mdomo ulikuwa mfupi.

Ghafla akadondoka kwenye nyasi, akaokota kidudu, akarudi tawi la jirani. Akarudia, akarudia tena. Dakika kumi nzima sikumwona akinasa kitu hewani, sijui hilo jina la mnasa nzi alilipataje. Mbung'o waliojaa garini mwetu wangemtosha wiki nzima, wala hakuwajali.

"Dada, bado hujashiba ndege?" akauliza wa nyuma, akijipiga kofi shingoni.

Gari likaondoka. Nikafungua daftari langu, nikalikata jina la yule wa Ulaya nililokuwa nimeshaliandika. Kisha nikarudi kurasa kadhaa nyuma: Manyara, mwaka juzi, mwezi wa sita. Nalo nikalikata.